Waya wa spika: lipia shaba, usilipie plastiki

Ukipita kwenye maduka ya vifaa vya umeme pale Mwanjelwa, Mbeya, au ukishuka Miyomboni, Iringa, utakuta waya wa spika umetundikwa kwa maroli. Upo mwembamba wa nyekundu na nyeusi, na upo wa ganda linaloonyesha ndani, mnene kama kidole. Mteja anaushika, anauminya, anaridhika, anasema "nikatie mita kumi". Hapo kapima plastiki. Kinachobeba muziki ni shaba iliyo katikati, na mara nyingi ni kidogo sana kuliko ganda linavyojitangaza.

Kabla ya kutoa hela unatakiwa ujue mambo matatu: urefu wa njia, omu za spika zako (kipimo cha ukinzani, yaani jinsi spika inavyouzuia umeme), na unene wa shaba yenyewe. Rangi na maandishi ya kwenye pakiti yanaweza kusubiri.

Urefu upime kwa kufuata njia atakayopita waya, siyo kwa jicho. Chukua sebule ya kawaida ya mita 5 kwa 4. Redio iko chini ya TV, spika moja iko jirani nayo, ya pili iko ng'ambo ya mlango. Kwa macho ni mita 3. Lakini waya unatambaa chini ya ukuta mita 1, unapanda fremu ya mlango mita 2.1, unavuka juu sentimita 90, unashuka tena mita 2.1, kisha unakwenda sentimita 80 kufika kwenye spika. Hiyo ni mita 6.9. Ongeza nusu mita kila upande ili siku ya usafi spika isogezwe bila kuchomoa kitu, unapata 7.9, yaani kama mita 8. Aliyenunua mita 4 ataishia kuunga, na maungio ndiyo yanayoleta matatizo mengi kuliko waya.

Omu zimeandikwa nyuma ya spika, kwenye kibandiko au kwenye plastiki ya terminali (pale waya unapofungwa): 4, 6 au 8. Spika nyingi za redio za mtumba kutoka Japani ni za 6. (Kwa kuwa tumezitaja: redio iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani inatumia volti 100. Ukiichomeka kwenye 230 bila transfoma, habari ya waya wa spika haitakuhusu tena.) Kama unafunga spika mbili za omu 8 kwenye waya mmoja, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, huo waya unabeba mzigo wa omu 4, kwa hiyo uchague kwa hesabu ya 4. Mbili za omu 4 zikifungwa hivyo zinakuwa 2, na amplifaya nyingi za nyumbani zitachemka au zitajizima.

Sasa unene. Shaba ya mita moja yenye eneo la milimita moja ya mraba ina ukinzani wa omu 0.0172. Sauti inakwenda na kurudi, kwa hiyo waya wa mita 8 ni mita 16 za shaba. Kanuni inayotumika sana ni kwamba ukinzani wa waya wote, kwenda na kurudi, usizidi asilimia 5 ya omu za spika. Ukiipanga hesabu hiyo inakuwa fupi: zidisha urefu wa njia moja kwa 0.7, gawanya kwa omu za spika, unapata milimita za mraba unazohitaji. Kwa mita 8 na spika ya omu 6: 8 mara 0.7 ni 5.6, gawanya kwa 6, ni kama 0.93. Dukani hutapata waya wa 0.93, chukua wa 1.5.

Kwa asiyetaka kikokotoo, haya ndiyo marefu ya mwisho kwa shaba halisi:

- Waya wa 0.5: mita 5 kwa spika ya omu 8, mita 4 kwa omu 6, mita 2.5 kwa omu 4.
- Waya wa 0.75: mita 8, 6 na 4.
- Waya wa 1.5: mita 17, 12 na 8.
- Waya wa 2.5: mita 28, 21 na 14.

Ukiangalia vizuri utaona sebule karibu zote zinamalizwa na waya wa 1.5. Wa 2.5 ni kwa spika za nyuma zinazopitia darini, au spika za omu 4 zilizo mbali. Wa 4 kwa matumizi ya ndani ni hela ya ziada, tena mara nyingi hauingii hata kwenye terminali.

Kwa nini asilimia 5? Kwenye mpaka huo sauti inapungua kama desibeli 0.4, kiasi ambacho sikio ni shida kukigundua. Ukivuka mpaka, mambo yanaanza kuonekana. Mita 10 za waya wa 0.5 kwenye spika ya omu 4 zina ukinzani wa karibu omu 0.7: katika kila wati 100 ambazo spika ingezipata, karibu 27 hazifiki. Na tatizo siyo upungufu wa sauti peke yake, maana huo ungeuongeza kwa kitufe. Namba iliyoandikwa nyuma ya spika ni ya wastani. Spika ya omu 8 inaweza kushuka hadi 5 au 6 kwenye sauti fulani na kupanda zaidi ya 30 kwenye besi fulani. Waya mwembamba unanyima pale spika inapohitaji mkondo mwingi na unaachia pale inapohitaji kidogo, kwa hiyo mlio wenyewe unabadilika. Besi nayo inalegea: badala ya kugonga na kukata, inavuma na kuning'inia.

Ila tusitiane hofu. Waya mwembamba hauunguzi amplifaya ya nyumbani. Kinachounguza ni shoti, na tutafika huko.

Shida ya dukani ni kwamba unene wa shaba mara nyingi haukuandikwa, au umeandikwa kwa lugha nyingine. Ukiona AWG, hicho ni kipimo cha Marekani na kinakwenda kinyume: namba ikikua, waya unapungua. AWG 18 ni milimita za mraba 0.82, AWG 16 ni 1.3, AWG 14 ni 2.1, AWG 12 ni 3.3. Kwa hiyo "16" ya kwenye waya wa spika haihusiani kabisa na ule wa 16 unaoingiza umeme kwenye nyumba. Maroli mengine yameandikwa idadi ya nyuzi tu, mfano 2x50. Idadi bila unene wa uzi haikuambii kitu.

Hapo pima mwenyewe. Omba kipande cha sentimita 10 (muuzaji mwenye mali nzuri hakatai), menya, chomoa uzi mmoja. Uzungushe kwenye msumari mizunguko 20, kila mzunguko ukigusana na mwenzake bila kupandana, kisha weka rula. Mizunguko 20 ikichukua milimita 4, uzi ni 0.2. Hesabu nyuzi zote za upande mmoja, kisha piga: idadi, mara unene, mara unene tena, mara 0.785. Nyuzi 50 za 0.2 zinakupa 1.57, yaani huo ni waya wa 1.5. Nyuzi 79 za 0.2 ni 2.48, waya wa 2.5. Lakini yule mnene wa kung'aa unaweza kumkuta ana nyuzi 40 za 0.12, na hesabu yake inatoka 0.45. Chini ya nusu milimita ya mraba, ndani ya ganda la kutisha!

Swali la pili kwa muuzaji ni hili: "Kaka, hii ni shaba tupu au imepakwa?" Maana siku hizi waya mwingi wa bei nafuu ni aluminiamu iliyopakwa utando wa shaba, na kwenye pakiti huandikwa CCA kwa herufi ndogo, au haiandikwi kabisa. Ukinzani wake ni kama mara 1.6 ya shaba, kwa hiyo wa 2.5 unafanya kazi ya shaba ya 1.5. Vipimo vya kuutambua ni rahisi:

Kwaruza uzi kwa wembe. Shaba ni nyekundu hadi ndani, iliyopakwa inatoa weupe. Angalia lakini usichanganye na waya wa sola ulio bora, ambao mara nyingi shaba yake imepakwa bati kuzuia kutu: huo ni mweupe nje na mwekundu ndani. Mweupe nje, mwekundu ndani, nunua. Mwekundu nje, mweupe ndani, umeshajua.

Washa kiberiti cha gesi chini ya uzi mmoja. Aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzijoto 660 na shaba kwenye 1085, hivyo uzi wa aluminiamu kwa kawaida hulegea, hujikunja na kukatika, wakati wa shaba unawaka wekundu na kubaki umesimama. Fanya hivi nje ya duka, tafadhali.

Kwa anayenunua roli zima, nyanyua. Mita 100 za waya wa 2.5 wenye njia mbili, ya kwenda na ya kurudi, zina kilo 4.5 za shaba peke yake, plastiki bado. Roli likipima chini ya hapo, hakuna mjadala. Pitisha na sumaku, kwa sababu upo pia wa chuma kilichopakwa shaba, ukivutwa, rudisha.

Waya wa aluminiamu siyo sumu. Kama bei yake haizidi asilimia 60 ya shaba ya unene uleule, na unanunua namba moja juu, muziki utalia vizuri. Ubaya wake ni kwamba nyuzi zinakatika ukizikunja mara kwa mara, risasi ya kulehemu haishiki pale utando ulipochubuka, na kwenye unyevunyevu ncha zake zinaharibika haraka. Kwa hiyo kwa Tukuyu, au Kyela kule chini, tungeuacha. Kibaya zaidi ni kuuziwa kwa bei ya shaba.

Kama umeshanunua na una mashaka, kuna kipimo kisichodanganya. Mita za kawaida za fundi za kupimia umeme hazipimi vizuri omu 0.2, nyaya za mita yenyewe zinaweza kuwa na kiasi hichohicho. Tumia betri ya volti 12 ya bodaboda na balbu ya indiketa ya wati 21. Kwenye ncha ya mbali, sokota njia mbili za waya pamoja. Ncha ya karibu: chanya ya betri iende kwenye balbu, balbu iende kwenye njia ya kwanza, njia ya pili irudi hasi ya betri. Balbu isitoke kwenye mzunguko, bila hiyo umepiga shoti betri. Kwanza soma mkondo kwa mita ikiwa kwenye ampea 10, imeingizwa kati ya balbu na waya, utakuta karibu 1.7. Kisha itoe, unga balbu na waya tena, rudisha mita kwenye volti na upime kati ya njia mbili za waya, ncha ya karibu. Volti gawanya kwa ampea, hizo ndizo omu za waya mzima. Mita 10 za 2.5 za shaba zitakupa volti 0.24 hivi. Ukisoma 0.37, ni aluminiamu. Ukisoma zaidi ya volti 1, ulinunua ganda.

Siyo lazima waya uitwe "wa spika" ndipo ufae. Fleksibo ya njia mbili ya 1.5 inayouzwa kwa ajili ya pasi na ekstensheni inafanya kazi sawasawa, na mara nyingi shaba yake ni ya uhakika kuliko ya roli la kung'aa. Weka alama tu kwenye ncha zote mbili, asije mtu akaifunga plagi akidhani ni ekstensheni. Waya wa sola wa nyekundu na nyeusi nao ni mzuri, na madukani unapatikana kuanzia Makambako mpaka Tunduma. Faida yake ni kwamba chanya na hasi unaziona wazi. Wa kufunga nyumba, ule wa uzi mmoja mgumu, unakubalika ukiwa ndani ya bomba ukutani. Usiutumie mahali panapokunjwa, utakatikia ndani ya ganda bila kuonekana.

Kuhusu "shaba isiyo na oksijeni": inapitisha umeme vizuri kuliko shaba ya kawaida kwa kama asilimia moja. Dhahabu kwenye plagi inazuia kutu, haipitishi vizuri kuliko shaba. Mshale wa mwelekeo uliochorwa kwenye ganda ni pambo. Tumemaliza.

Ncha ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Menya milimita 10 hadi 12, siyo zaidi. Ukitumia wembe, zungusha ganda juu ya wembe kwa mkono mwepesi kisha livute, usikandamize, kwa sababu nyuzi zilizokatwa nusu zitaendelea kukatika moja moja kila spika inaposogezwa. Sokota nyuzi kuelekea upande ambao skrubu inakaza, ingiza, kaza, kisha angalia kwa tochi kama kuna uzi uliobaki nje. Uzi mmoja unaogusa terminali ya jirani ndiyo shoti tuliyoisema. Amplifaya nzuri itajizima kujilinda, ya bei rahisi itakufa transista za mwisho kabla hujafika kwenye swichi.

Kwa terminali za kubonyeza za springi, waya wa 2.5 mara nyingi haupiti. Usipunguze nyuzi ili upite, bali chukua waya wa 1.5, au vaa pini za kubana. Kwa terminali za kuzungusha, plagi za banana zinasaidia kama unachomoa mara kwa mara. Usiloweshe ncha kwa risasi halafu ukaikaza chini ya skrubu: risasi ni laini, inakimbia taratibu chini ya mkazo, na baada ya miezi skrubu imelegea na spika inakwaruza. Kuunga kukikushinda kukwepa, tumia konekta ya skrubu. Kusokota na kuzungushia tepu kunageuka kijani, hasa nyumba zinazopata ukungu asubuhi.

Jambo lingine linaloua amplifaya: kuunganisha hasi za spika mbili pamoja ili kuokoa njia moja ya waya. Amplifaya nyingi ndogo za kisasa, zikiwemo bodi za volti 12 zinazofungwa kwenye sola, zinasukuma terminali zote mbili za spika, hakuna iliyo "ardhi". Kila spika ipewe njia zake mbili.

Chanya na hasi zikipishana kwenye spika moja hakuna kinachoungua, ila besi inapotea na sauti ya mwimbaji inakosa mahali pa kukaa, iko kila upande na haipo popote. Kama waya hauna rangi, tafuta mstari au mfupa ulioinuka kwenye ganda, upande huo ufanye chanya pote. Kuhakiki, chomoa ncha kwenye amplifaya na uguse betri ya tochi ya volti 1.5: chanya ya betri kwenye njia unayoiita chanya. Koni ikiruka kuja mbele, ni sawa. Ikirudi ndani, geuza. Gusa na kuachia, usishikilie.

Kwa wenye sabufa zenye vijispika vya pembeni: nyaya zake ni nyembamba, lakini kwa wati chache na mita 2 au 3 zinatosha. Ukitaka kurefusha kufika ukuta wa nyuma, kata katikati, unga waya wa 0.75 kwa konekta, acha plagi za mwanzo zilivyo. Na kama plagi hizo ni za RCA (zile za duara zenye pini katikati), usidanganyike ukazichomeka kwenye matundu ya sauti ya TV. Sura ni moja, kazi ni tofauti.

Nyumba za tofali za kuchoma ni ngumu kuchimba, hivyo wengi hupitisha waya darini au kwenye trangi (mfereji wa plastiki unaobandikwa ukutani). Trangi ni sawa, ila usiuweke waya wa spika pamoja na waya wa umeme wa nyumba. Siyo kwa sababu ya mvumo, waya wa spika hauukamati kirahisi. Redio ikivuma, shuku kwanza nyaya za RCA. Ni kwa sababu ganda likichubuka, volti 230 zinaingia kwenye spika anayoishika mtoto. Darini, hasa nyumba inayohifadhi mahindi, panya watakula ganda, kwa hiyo uingize kwenye bomba la plastiki. Waya wa ganda angavu usiupitishe penye unyevu, shaba yake hugeuka kijani kwa ndani. Asubuhi za Juni na Julai plastiki inakuwa ngumu, hasa Njombe na Mbeya juu huku. Tandaza waya jua likishawaka ndipo ukunje kona. Uliobaki unaweza kuukunja nyuma ya kabati bila wasiwasi, mkondo wa kwenda na wa kurudi uko ubavu kwa ubavu na unafutana.

Siku spika moja ikianza kukatikakatika, zima amplifaya, badilisha ncha za kushoto na kulia kwenye amplifaya tu, washa sauti ikiwa chini. Ubovu ukihamia spika ya pili, tatizo liko kwenye amplifaya au kinachoilisha. Ukibaki palepale, ni waya au spika: leta waya wa upande usio na ubovu kwenye spika hiyo, utajua ni ipi. Ikiwa ni waya, kata sentimita 3 kila ncha, menya upya, kaza, kabla ya kufikiria kununua mwingine.